Namba ya Siri Haina Mjomba

Msimu wa alizeti Sepuka, mzee aliyeuza magunia yake hufika kwa wakala wa pesa za simu, hukabidhi simu, kisha hutaja namba ya siri kwa sauti, maana macho hayaoni vizuri na foleni ni ndefu. Walio nyuma yake wote wamesikia.

Simwiti wakala mwizi. Wengi ni vijana wetu wenyewe. Kinachotuponza ni aibu. Kumwambia mtu "hebu geuka kidogo nibonyeze" tunaona ni kumtuhumu. Na mjomba akikuomba namba, utamnyimaje? Mpe hela, mpe hata mbuzi, namba usimpe. Siku salio likipungua utamshuku kila uliyewahi kumtajia, na asiye na hatia ataingia humo humo. Kadi ya benki ni vivyo hivyo, hasa ile iliyofungwa pamoja na kikaratasi chenye namba yake.

Nawe kijana unayewasaidia wazee, una adabu yako. Msomee maandishi, na mkifika penye namba ya siri mrudishie simu abonyeze mwenyewe, wewe utazame pembeni. Atachelewa, msubiri. Kisha msomee ujumbe wa muamala mpaka kwenye salio.

Matapeli wa mbali nao wapo. Ule ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii" humwagwa kwa watu wengi, kwa kumvizia mmoja ambaye kweli siku hiyo alikuwa anatuma hela. Kabla hujatuma, mpigie mhusika kwa namba yake ya siku zote usikie sauti yake, kisha ripoti tapeli kwa Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, kupitia 15040. Na anayejiita mtoa huduma akikuuliza namba ya siri, mkatie simu bila kuaga.

Linalosahaulika ni kidole. Laini za simu ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa Januari 2020, na wasajili bado huzunguka hadi minadani. Ukiambiwa "mashine imegoma, weka tena", huenda imegoma kweli. Huenda pia laini ya pili inasajiliwa kwa kitambulisho chako cha taifa cha NIDA, ikatumike kutapeli watu kwa jina lako. Jioni bonyeza *106# uone laini zilizo kwa jina lako. Ukikuta usiyoijua, nenda na kitambulisho kwenye duka la mtandao husika ifutwe, na aliyekusajili kamuulize, hata kama ni wa ukoo.