Arubaini ya Bibi

Mwanamke wa pwani akijifungua, nyumba nzima inajua la kufanya. Yuko wa kumkanda kwa maji ya moto, yuko wa kumfunga mkaja, yuko wa kumpikia uji wenye pilipili manga na supu ya kuku wa kienyeji. Hashiki ufagio wala mwiko, na hatumwi mahali. Mpaka arubaini itimie, kazi yake ni kunyonyesha na kulala. Na mtoto yule akiwa wa kike, siku ya kuposwa ikifika, upande wa bwana harusi utadaiwa mahari na pamoja nayo mkaja wa mama, zawadi ya kumshukuru aliyebeba mimba akafungwa tumbo kwa ajili ya bibi harusi huyu. Jamii inayokumbuka kitambaa cha tumboni kwa miaka yote hiyo huwezi kuiambia kwamba haijui kuheshimu kizazi.

Ninachojiuliza ni habari ya umri wa pili. Mwanamke huyohuyo akishapita miaka 60, daktari akamwambia kizazi hakina budi kutolewa, nani anamhesabia siku?

Mama mkubwa wangu, anayeishi Tanga, alizaa mara saba. Kama ilivyo kwa wanawake wengi wa rika lake, kizazi chake kilishuka. Uzazi mwingi na mizigo mizito ya miaka mingi hulegeza misuli na kano zinazokishikilia kizazi, na hedhi ikishakoma, homoni ya estrojeni inapungua na kulegea kunazidi. Kwa wengine ni uzito tu wanaousikia chini ya tumbo jioni. Kwa wengine kizazi hutokeza nje kabisa. Mama mkubwa alikaa na hali hiyo kwa miaka, akijifunga vitambaa, akikaa upande kwenye mkeka, akikataa safari za basi kwa visingizio ambavyo sisi wanawe tuliviona ni uzee. Siku alipoamua kumwambia binti yake, hakutaja kizazi hata mara moja. Alisema, “Mwanangu, udhu haunikai.” Mkojo ulikuwa unamponyoka kwenye kila rukuu.

Hospitali walimweleza njia zilizopo. Kuna mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga, yanayomfaa zaidi ambaye hali yake haijafika mbali. Kuna pete maalumu inayowekwa ukeni kukizuia kizazi kisishuke. Na kuna upasuaji. Akachagua upasuaji, na ukafanywa kwa njia ya chini, bila kupasua tumbo. Akarudi nyumbani mapema kuliko tulivyotazamia, anatembea mwenyewe.

Hapo ndipo shida ya namna nyingine ilipoanza. Majirani walikuja kumpa pole wakitafuta mshono kwa macho, hawakuuona. Mmoja akauliza kwa mzaha kama kweli amepasuliwa au alikwenda kupumzika. Mwingine, katika kumfariji, akasema: “Mshukuru Mungu, bibi. Kimetolewa kitu kisicho na kazi tena.” Watu wakacheka, naye akacheka nao. Hazikupita siku nyingi, mkamwana wake akamkuta uani anainua ndoo.

“Mama, weka chini.”

“Nusu tu hii.”

“Hata nusu, Mama. Daktari kasema wiki sita.”

“Wiki sita za nini? Kwani nimezaa?”

Swali hilo limekaa nami kuliko maneno yote niliyosikia wodini. Mzee yule hakuwa anafanya utani. Katika hesabu yake, pumziko ni malipo ya mtoto. Mara saba alilala na kuhudumiwa, na kila mara palikuwa na kichanga ubavuni cha kuonyesha kwa nini amelala. Safari hii hana cha kuonyesha, wala mshono. Akaona haya kulala bure.

Nani alimfundisha hesabu hiyo, kama si sisi? Tunaposema kizazi cha mtu mzima hakina kazi, tunakuwa tumempima mwenye kizazi kwa kipimo hichohicho. Tulimpumzisha alipotuletea mtoto. Asipoleta, huruma yetu ni ile ya mgeni: siku mbili, ya tatu tunampa jembe. Ajabu ni kwamba mila na dini zetu, tukizitazama vizuri, haziko hivyo. Mjane wa Kiislamu mwenye miaka 80 hukaa eda ya miezi minne na siku kumi sawasawa na mjane wa miaka 30 asiye na mimba, na hakuna anayeuliza kama bado anaweza kushika mimba. Anapewa siku zake kwa sababu amefiwa. Aliyetolewa kizazi naye angepewa zake kwa sababu amekatwa mwili, na sababu hiyo ikatosha.

Na siku zenyewe zinakaribiana kwa namna ya kupendeza. Wiki sita ambazo madaktari wengi huzitaja kwa upasuaji huu ni siku 42. Tangu zamani tunajua kumtunza mwanamke kwa muda huo. Tofauti ni kwamba jeraha la safari hii limefichika. Kizazi kikitolewa chote pamoja na mlango wake, sehemu ya juu ya uke hushonwa kwa nyuzi ambazo huyeyuka zenyewe kwa majuma kadhaa. Wakati huo nyama za ndani zinaungana polepole, na mwenyewe hasikii maumivu makali ya kumkumbusha. Ndoo ya lita 20 ikijaa ina uzito wa kilo 20, na anayeinyanyua hukaza tumbo, mkazo ukashuka moja kwa moja pale palipotengenezwa. Ndiyo maana wengi huambiwa kwamba wiki za mwanzo wasinyanyue kitu kizito kuliko birika lililojaa. Mjukuu naye asibebwe. Mtoto wa mwaka mmoja hukaribia nusu ya ndoo kwa uzito, na yeye, tofauti na ndoo, anarusha miguu.

Basi tukiazima arubaini tumpe bibi, tuazime kwa akili. Kukandwa tumbo na kufungwa mkaja tuviache, ila daktari akiagiza. Uji na supu vibaki, na vifuatane na papai, mboga za majani na maji ya kutosha, kwa kuwa choo kigumu ni adui wa mshono. Kulala kutwa kucha nako si kupumzika. Mgonjwa atembee kidogo kila siku, aongeze taratibu, damu isije ikaganda kwenye mishipa ya miguu. Aliyepasuliwa tumbo afundishwe kuinuka kwa kugeukia ubavu kwanza, na kushikilia mto mdogo tumboni akitaka kukohoa. Matone kidogo ya damu au majimaji kwa siku kadhaa ni kawaida. Homa, uchafu wenye harufu mbaya, damu nyingi, mkojo kuziba, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au pumzi kubana, hayo hayasubiri asubuhi. Ni kurudi hospitali.

Kuna jambo la karatasi ambalo familia nyingi hulisahau kwa furaha ya kuruhusiwa. Mgonjwa ana haki ya kujua ni nini hasa kilichotolewa na nini kimebaki. Je, mlango wa kizazi umeondolewa? Ovari je? Kama kuna nyama iliyopelekwa maabara, majibu yanasemaje? Ambaye mlango wake umeachwa bado anahitaji uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi kama wanawake wengine. Aliyetolewa ovari kabla ya hedhi kukoma atashtukia joto la ghafla, jasho la usiku na usingizi wa mang’amung’amu, kwa kuwa homoni zimekatika kwa siku moja badala ya miaka. Kwa bibi ambaye hedhi yake ilishakoma zamani mabadiliko hayo huwa madogo. Hata hivyo ayajue, asije akabebeshwa hofu za uani.

Na hofu za uani ni nyingi. Kwamba tumbo linabaki na shimo, wakati utumbo hujipanga ukaijaza nafasi. Kwamba mwanamke amekuwa mtupu, amepoa, mumewe atatafuta mwingine. Ukweli ni wa kawaida zaidi. Tendo la ndoa husimama mpaka jeraha lipone na daktari aridhike, mara nyingi baada ya hizo wiki sita, kisha linaweza kurudi. Ukavu unaowasumbua wengi wa umri huu hutokana na kukoma kwa hedhi, na una tiba: kuna vilainisho, na kuna krimu ambazo daktari huziandika. Hilo ni zungumzo la wawili, na mume anayekwenda kliniki na mkewe, badala ya kungoja habari mlangoni, humpunguzia nusu ya mashaka. Wako pia wanaokilia kizazi chao hata wakiwa na wajukuu kumi, na wako wanaoona wametuliwa mzigo. Anayelia asiambiwe “si umeshazaa”. Aliyefurahi naye asionekane hana haya.

Nimeona pia kuwa kutunza ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni ya mtunzwaji mwenyewe, na kwa wanawake wa kizazi cha mama mkubwa ndiyo ngumu. Maisha yao yote wamejijengea heshima kwa mikono, na kuwaambia wakae ni kama kuwavua cheo. Mama mkubwa alilalamika kwamba nazi imekunwa mpaka kwenye kifuu, kwamba wali umekuwa bokoboko, kwamba hatukujua kupanga kuni. Alilalamika, lakini alikaa. Alisali akiwa kwenye kiti, maana dini imemruhusu asiyeweza. Watu walianza kumjia chumbani na mambo yao: ugomvi wa mirathi, mchumba wa binti wa jirani, mjukuu anayekimbia shule. Akaamua mashauri akiwa amekaa. Utu uzima dawa, walisema wahenga, na dawa hiyo haikuwahi kuwa ndani ya ndoo.

Siku hizi anapanda basi kwenda Muheza kwa mdogo wake bila visingizio, na udhu unamkaa.

Kabla ya upasuaji, hospitali nyingi huwauliza ndugu ni nani watachangia damu, na ndugu hujitokeza, wanaume kwa wanawake, kwa kuwa damu tunaiona ni jambo la uhai. Swali la maji hakuna hospitali itakayotuuliza. Tukae wenyewe mezani, kabla tarehe haijapangwa: nani atachota, nani atafua, nani atambeba mtoto anapomlilia bibi, mpaka wiki ya sita iishe. Majina yatajwe, na ya wana wa kiume yawemo. Bibi naye awepo akisikia, ajue kwamba siku zile ni zake, na kwamba hatumdai mtoto kwa siku hizo.