Kina, Lafudhi na Haki ya Mhakiki

Kina kisiposikika katika sikio la mhakiki, je, kosa ni la mtunzi? Mwaka 1818, jarida la Blackwood's la Edinburgh lilimkejeli John Keats kwa mambo kadha, vikiwemo vina vyake vya "Kikokni". Keats, mzaliwa wa London, aliweza kuoanisha "thorns" na "fawns" kwa kuwa lafudhi ya mji wake haikuitamka "r" iliyotangulia konsonanti. Kwa Mskoti aitamkaye, kina hicho kimevunjika. William Wordsworth naye, mzaliwa wa Cockermouth, kaskazini mwa Uingereza, alioanisha "chatters" na "waters" katika shairi lililochapishwa mwaka 1807. Msomaji wa Kiingereza sanifu huona hapo kina cha macho tu. Tony Harrison, mshairi wa Leeds, alishikilia kuwa vina vya Wordsworth vya aina hiyo ni kamili.

Yamkini itadaiwa kuwa pasipo kipimo kimoja kila kosa litajitetea kwa jina la lafudhi. Hoja hii ina uzito, ila kipimo kipo: je, kuna jamii ya wasemaji ambamo sauti hizo hulingana? Mtunzi wa Kimvita atiaye "mato" na "moto" katika kina kimoja hajakosea, hata kama mhariri akiandika "macho" atakivunja. Kwa hiyo, mhakiki ahukumuye kabla ya kuuliza shairi limetoka katika kinywa cha nani hapimi sanaa. Hupima asili ya mtu, kisha akauita upimaji huo arudhi.