Dharura, Haja na Mapambo: Uchaguzi wa Simu Katika Mitaa ya Eastlands

Swali la simu ipi inunuliwe, ambalo katika mitaa ya Eastlands, jijini Nairobi, huamuliwa mara nyingi kwa kulinganisha betri, kamera na bei, ni swali la maadili kabla ya kuwa la ufundi, kwa sababu mnunuzi hawezi kuzipanga sifa hizo kwa umuhimu mpaka ajue anahitaji nini, na hilo hakuna muuzaji awezaye kumjulia. Abu Hamid al-Ghazali, mwanazuoni wa Tus aliyefariki mwaka 1111, aliweka katika kitabu chake al-Mustasfa mizani inayofaa hapa. Aliyagawa maslahi, yaani mambo yanayomnufaisha mwanadamu, katika daraja tatu: dharura, ambayo ikikosekana dini, nafsi, akili, kizazi au mali huharibika, haja, ambayo kukosekana kwake huleta dhiki bila kuangamiza, na mapambo, ambayo hupendezesha maisha.

Kwa mtazamo wa juu juu, mizani hiyo yaelekea kuhukumu kwamba mulika mwizi, simu ndogo ya vitufe yenye tochi, yatosha, kwa kuwa M-Pesa ilianza mwaka 2007 kwa simu za namna hiyo na hadi leo hutumika humo bila intaneti. Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Mwendesha bodaboda wa Donholm anayepata wateja kwa programu hafanyi kazi bila ramani, na la kumshughulisha ni kama kioo cha simu aliyoifunga kwenye usukani kinasomeka juani saa saba mchana, na kama chaji itafika jioni; kamera kwake ni pambo. Kwa mama wa Eastleigh anayeuza madira kwa kuweka picha kwenye WhatsApp, kamera ndiyo duka lenyewe. Wote wawili huenda wakataka nafasi ya laini mbili, ya Safaricom kwa ajili ya M-Pesa na ya Airtel kwa ajili ya bando nafuu, na Tecno, Infinix na itel, zote za kampuni ya Transsion ya China, zilijipatia soko Afrika kwa kuitambua haja hiyo mapema. Daraja ya sifa, basi, hutegemea riziki ya mwenye simu.

Kijana anayetaka iPhone iliyokwisha kutumika badala ya Infinix mpya ya bei ile ile hulaumiwa kwa kujionyesha, na mara nyingi lawama ni ya haki, ingawa heshima mbele ya rika nayo si kitu cha kupuuzwa, na al-Ghazali hakuyaharamisha mapambo; aliyaweka mwisho wa foleni.

Lililo zito kuliko kamera ni namna ya kulipa. Mwaka 2020 Safaricom na Google walianzisha Lipa Mdogo Mdogo, mpango wa kulipia simu kwa shilingi 20 kwa siku, na simu za mkopo zimeenea tangu hapo, nyingi zikiwa na programu inayoifunga simu mdeni anapochelewa. Katika fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, wanazuoni walio wengi huruhusu bei ya mkopo kuzidi ya taslimu maadamu imekubaliwa tangu mwanzo. Kinachotia shaka ni kule kufunga. Simu hapo ni mithili ya rahani, mali iwekwayo kuwa dhamana ya deni, ila rahani hii hubaki mkononi mwa mdeni na kuzimwa siku ile ile anapoihitaji ili apate cha kulipa. Mafakihi wa madhehebu ya Hanbali waliona kwamba fundi aliyefilisika aachiwe zana za kazi yake, na ni vigumu kueleza kwa nini simu ya mwendesha bodaboda isihesabiwe miongoni mwa zana hizo.

Kwa hiyo mtu wa kipato kisichotabirika hufaidika zaidi na simu duni aliyoilipia taslimu kuliko simu bora ambayo ufunguo wake unashikwa na mwingine. Na akilazimika kukopa, asitie sahihi kabla ya kuuliza jumla ya bei yote na siku anazoweza kuchelewa kabla simu haijafungwa.