Mgeni Katika Nchi ya Wazee Wake

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA aliondoka Zanzibar na kundi la watu waliokombolewa utumwani. Safari ilikuwa ya kuelekea Ziwa Nyasa. Wakaishia Masasi, chini ya majabali, wakajenga. Kwa hiyo mkazi wa kijiji cha Chiwata anayeteremkia Masasi leo huingia mji ambao historia yake imeshikwa na wapita njia.

Kati ya watu wa misheni hiyo, anayegusa moyo zaidi ni Cecil Majaliwa. Alikuwa Myao aliyetiwa utumwani utotoni, akalelewa kwenye misheni Zanzibar na kusomeshwa hadi Canterbury, Uingereza. Mwaka 1886 alitumwa Chitangali, kwa chifu Nakaam, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza wa UMCA kupewa upadri. Kwa damu alikuwa mwenyeji. Kwa malezi, mgeni. Hapana shaka hali hiyo ilikuwa nzito kubeba. Hata hivyo alifundisha huko kwa takriban miaka kumi.

Mwaka 1906 akaja mgeni wa namna nyingine: Karl Weule, mtafiti Mjerumani, mwenye kamera na mashine ya kunasa sauti. Alipita Masasi na Newala, kisha akaandika kitabu.

Vitabu humkumbuka anayefika. Anayepokea husahaulika, ingawa uwanda wa juu wa Makonde, ilipo Newala, hauna mito, na wanawake walishuka mabondeni kwa saa nyingi kuteka maji. Mgeni aliyepiga hodi alipewa kata ya maji hayo.