Pikipiki ya Marehemu: Dhati, Manfaa na Amana

Na ichukuliwe familia moja ya kufikirika, ambayo hata hivyo msomaji wa ughaibuni hatashindwa kuitambua. Baba, mwalimu wa skuli mjini Unguja, amefariki dunia na kuacha pikipiki: Honda ya sisi 50, ya lile umbo la Super Cub lililotoka Japani kwa mara ya kwanza mwaka 1958 na ambalo, kufikia mwaka 2017, lilikuwa limekwishaundwa zaidi ya mara milioni 100. Hakuna chombo kingine cha moto kilichofikia idadi hiyo. Si kitu adimu, basi. Kilichoifanya hii moja iwe adimu ni miaka thelathini ya mtu mmoja kuipanda kwenda kazini na kurudi, huku watoto wake wakigombea nafasi ya nyuma. Sasa imeegeshwa chini ya ngazi. Ringi za pistoni zimekwisha, nyaya zimetafunwa na panya, na bati la chasisi limeliwa na kutu pale zinaposhikilia springi za nyuma. Fundi amepiga hesabu: kuirudisha kama ilivyokuwa kutagharimu karibu sawa na kununua pikipiki mpya ya Kihindi.

Mtoto mkubwa yuko Maskati, binti wa kati yuko London, na mdogo wao amebaki Unguja na mama. Kaka anataka ikarabatiwe na yuko tayari kutuma fedha. Mdogo anataka inunuliwe mpya, kwa sababu mwanawe amemaliza masomo na hana kazi, na pikipiki inayobeba abiria ni kazi. Fedha zilizopo zinatosha jambo moja tu. Katika mazungumzo ya simu yaliyorefuka usiku, mdogo anasema neno linalobeba mjadala mzima: "Kaka, wewe unaikumbuka. Mimi ndiye ninayeifuta vumbi."

Hekima ya wahenga iko tayari kuzitumikia pande zote mbili. Kaka atasema: usiache mbachao kwa msala upitao. Mdogo atajibu: fimbo ya mbali haiui nyoka. Lakini methali, kama shahidi yeyote, inapaswa kuhojiwa. Mbachao wa methali ni mkeka uliochakaa ambao bado unasaliwa. Anayeonywa ni yule anayetupa kitu kinachomfaa kwa tamaa ya kitu kisicho chake. Methali haikusema lolote kuhusu mkeka ambao umekwishaoza na hakuna awezaye kuutandika. Kwa hiyo swali linabaki palepale: pikipiki iliyo chini ya ngazi ni mbachao bado, au ni kumbukumbu ya mbachao?

Wanafalsafa wana mfano wao wa kale. Plutarch aliandika kuhusu jahazi la Theseus ambalo Waathene walilihifadhi kwa kung'oa kila ubao uliooza na kutia mpya, hata likawa hoja ya mabishano: ni jahazi lile lile, au ni jingine? Katika karne ya 17, Thomas Hobbes aliuongeza uzito wa swali hilo. Tuseme kuna mtu aliyekuwa akiziokota mbao zilizotolewa, akaziunga upya kwa mpango wake ule ule. Sasa majahazi ni mawili, na lipi ndilo la Theseus? Darasani mfano huu huonekana kama mchezo wa akili. Kwenye gereji ni jambo la kila siku. Injini inayotolewa katika pikipiki moja haitupwi. Inafunguliwa, sehemu zake nzima zinatengwa, na kabla ya mwezi kwisha zinazunguka katika pikipiki za watu watatu wasiojuana. Marehemu mwenyewe, katika miaka thelathini, alibadilisha cheni, plagi, matairi, kabureta na kiti. Pengine hata taa ya mbele ilitoka katika Honda ya mtu mwingine aliyekwishafariki. Ikiwa utambulisho wa kitu umo katika vipande vyake vya asili, basi pikipiki ya baba ilikwishatoweka baba mwenyewe akiwa juu yake.

Dola, isiyopenda mabishano yasiyokwisha, imewahi kulijibu swali hili kwa hesabu. Uingereza, kwa miaka mingi, mtu aliyeijenga upya pikipiki yake alipimiwa kwa alama: chasisi alama 5, fomu ya mbele inayoshika gurudumu 2, magurudumu 2, injini 2, giaboksi 1. Ili chombo kibaki na namba yake ya zamani kilihitaji alama zisizopungua 8, chasisi ikiwamo. Binti wa London anaweza kuwasomea ndugu zake jedwali hilo na kuwaambia kwamba chasisi ikibadilishwa kwa ile iliyotumika ya pikipiki nyingine, mbele ya sheria ya aina ile marehemu anakuwa hana pikipiki tena. Jibu hilo lina faida yake, kwani bila ya hilo wezi wangebadilisha vyombo majina kila kukicha. Lakini alama zile ziliwekwa ili kumjua mmiliki na mlipa kodi. Hazikuwekwa ili kujua nini kinachostahili kuliliwa.

Hapo ndipo wenye kushughulika na majengo wanaposaidia zaidi kuliko wenye kushughulika na majahazi. Mwaka 1849 John Ruskin alilishambulia neno lenyewe la kurudisha jengo katika hali yake ya awali. Kwake huo ulikuwa uongo, kwa kuwa mkono wa fundi wa kale hauwezi kurudishwa, na kinachosimamishwa mahali pake ni kitu kipya kinachojidai uzee. William Morris alilifuata wazo hilo mwaka 1877 alipoanzisha jumuiya ya kulinda majengo ya kale: tunza, ziba nyufa, zuia mvua, lakini usijifanye kurudisha wakati uliopita. Mtazamo huo ukiletwa chini ya ngazi ya nyumba ya Unguja, unamfika kaka moja kwa moja. Picha anayoituma kwa fundi kama mfano ni ya Honda iliyopakwa rangi mpya, yenye kromu inayong'aa na kiti kisicho na kiraka. Baba yake hakuwahi kuwa na pikipiki hiyo. Yake ilikuwa na madigadi ya rangi tofauti, na pedeli ya gia iliyolika upande mmoja kwa soli ya kiatu chake. Ukarabati anaoutaka kaka utaanza kwa kuifuta alama ile ya mguu, yaani kitu pekee ambacho marehemu alikiandika juu ya chuma kwa mwili wake.

Hata hivyo, Ruskin na Morris hawakumaliza kesi. Mji Mkongwe wa Zanzibar, uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, unafundisha upande wa pili. Kuta zake za mawe ya matumbawe na chokaa hazidumu bila ya mkono wa mtu. Zinataka kupigwa chokaa upya kila baada ya muda, na boriti zake zinataka kubadilishwa. Anayetia saruji mahali pa chokaa, kwa nia njema ya kuimarisha, anauzuia unyevu usitoke na kuuharibu ukuta kutoka ndani. Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, kazi ya ukarabati ikiwa inaendelea, na watu wakapoteza maisha. Tukio lile liliwaacha wapenzi wa kale na ukweli usioepukika. Kitu cha zamani kina uzito, na uzito huo huwaangukia walio chini yake, si wanaokitazama kwa mbali. Pikipiki nayo ina watu wa chini yake. Chasisi iliyoliwa na kutu ikikatika katika mwendo, atakayeanguka ni kijana wa miaka ishirini pamoja na abiria wake.

Lugha ya Kiswahili yenyewe ina fikra ya kuchangia. Kitenzi *kutengeneza* hakitofautishi kati ya kuunda na kurekebisha. Seremala anatengeneza kiti kipya, na fundi anatengeneza pikipiki iliyoharibika, kwa neno moja. Asili yake ni *kutengenea*, kuwa katika hali ya sawasawa, mambo kukaa mahali pake. Kwa kipimo hicho, swali la kwanza halihusu uzee wala upya wa kitu. Linahusu kama mambo yametengenea. Inawezekana pikipiki ikatengenezwa na familia ikabaki haijatengenea.

Hazina nyingine iko katika fikihi ya wakfu, ambayo watu wa pwani wameishi nayo kwa karne nyingi. Pikipiki hii si wakfu bali ni mirathi, na tofauti hiyo itarejewa. Lakini mafakihi waligongana na swali lile lile: mali ya wakfu ikichakaa hata isitoe tena manfaa, je, inaruhusiwa kubadilishwa kwa nyingine itakayoyatoa? Baina ya Mahanafi na Mahanbali walikuwapo walioruhusu kwa masharti, kwa hoja kwamba mtoaji alikusudia manfaa yaendelee. Mashafii, ambao madhehebu yao ndiyo yaliyotawala pwani ya Afrika Mashariki, walikuwa wazito zaidi, kwa kuchelea kwamba mlango ukifunguliwa, wasimamizi wangeuza mali za watu kwa kisingizio cha uchakavu. Pande zote mbili zilikuwa zikilinda kitu cha kweli. Mmoja alilinda manfaa, mwingine alilinda dhati, na wote waliogopa msimamizi anayejipendelea.

Hofu hiyo ya mwisho ndiyo ufunguo. Katika kila hoja ya kuhifadhi au kubadilisha yumo msimamizi, naye ana nafsi. Mdogo ana maslahi yaliyo wazi: mwanawe anahitaji chombo. Maslahi ya kaka yamejificha, kwa hiyo ni vigumu zaidi kuyahoji. Anayeishi mbali huutaka mji wake ubaki kama alivyouacha. Nyumba isivunjwe, mwembe usikatwe, pikipiki isiondolewe chini ya ngazi, ili siku atakayorudi akute kwamba hakukosa chochote. Kwa wale walioondoka, na kwa watoto wa wale walioondoka baada ya mwaka 1964, hamu hiyo haina ubaya wowote ndani yake. Kwa wengi ndiyo iliyowahifadhia lugha. Ubaya unaingia pale gharama ya kumbukumbu ya mmoja inapobebwa na maisha ya mwingine, pale kijana anapokaa bila kazi ili ami yake wa Maskati awe na kitu cha kukitazama kwa wiki mbili kila baada ya miaka mitatu.

Itasemwa kwamba fedha ni za kaka, na mwenye fedha ana haki ya kuchagua. Kuhusu fedha, ni kweli. Kuhusu pikipiki, si kweli. Hapa tofauti ya mirathi na wakfu inarejea: pikipiki ni ya warithi wote kwa mafungu yao, na katika mafungu hayo kuna thumuni ya mjane. Katika mazungumzo yote ya simu, mama hakuulizwa. Aliyeisikia injini ile ikizimwa mlangoni kila jioni kwa miaka thelathini amefanywa mlinzi wa ngazi. Familia inayobishania heshima ya marehemu huku ikiruka haki ya mjane wake imekwishaharibu kile inachodai kukihifadhi.

Kutokana na haya yote unajengeka mpangilio wa wajibu. Kwanza ni haki za warithi, kwa kuwa bila hizo hakuna mwenye sauti. Pili ni usalama na riziki ya atakayepanda, kwa kuwa aliye hai anaweza kuumia na marehemu hawezi. Tatu ni kumbukumbu, na hiyo ibebwe na anayeitaka. Anayetaka dhati ya kitu idumu, na agharamie kwa vyake na kwa uwapo wake, si kwa kuwazuia wengine. Kwa mpangilio huo, familia ya mfano huu inapaswa kumnunulia kijana pikipiki mpya. Ile ya zamani isirudishwe katika ujana ambao hakuna aliyeushuhudia. Ioshwe, ipakwe mafuta kuzuia kutu, ibaki na pedeli yake iliyolika, mpaka mama atakaposema vingine.

Uamuzi huu nao una hasara, na hasara hiyo haipaswi kufunikwa. Pikipiki isiyotembea hufa taratibu, na mafundi wanaoijua Honda ya zamani kwa sikio wanapungua kadiri kazi hizo zinavyokosekana. Kaka atakuja Unguja asikute mlio alioutarajia. Huenda akalia, na atakuwa na haki ya kulia. Lakini atamkuta mtoto wa mdogo wake akitoka alfajiri kwenda kazini kwa pikipiki, kama babu yake alivyokuwa akitoka. Hilo nalo ni jambo ambalo marehemu aliliacha, na halikuandikwa katika orodha ya mirathi.