Huyu Haigizi

Jioni moja mwaka 2014 nilikuwa nyumbani kwa mdogo wangu. Tulikaa sebuleni watu wanane hivi, tukitazama sinema iitwayo Captain Phillips. Ni kisa cha kweli cha Aprili 2009, pale maharamia wanne wa Kisomali walipoiteka Maersk Alabama, meli ya Marekani iliyokuwa njiani kuja Mombasa na chakula cha msaada. Nahodha anaigizwa na Tom Hanks, ambaye hahitaji kutambulishwa. Kiongozi wa maharamia anaigizwa na kijana mwembamba aitwaye Barkhad Abdi, ambaye kabla ya hapo hakuwa ameigiza sinema yoyote.

Sinema ilipokwisha, mmoja wetu alisema kwamba kijana yule anasifiwa kupita kiasi. "Huyu haigizi," alisema. "Ndivyo walivyo." Wengine wakacheka. Mimi sikucheka, wala sikumjibu, kwa sababu maneno yale niliwahi kuyatamka mwenyewe. Nitaeleza habari hiyo mahali pake.

Hebu tujiulize kwanza: je, kijana yule alistahili sifa? Februari 2014 alipewa tuzo ya BAFTA huko Uingereza, ya mwigizaji msaidizi bora. Aliteuliwa pia kuwania Oscar, lakini usiku wa tarehe 2 Machi tuzo hiyo ilikwenda kwa Jared Leto. Usiku huohuo Lupita Nyong'o wa Kenya aliipata ile ya upande wa wanawake, naye pia kwa sinema yake kubwa ya kwanza. Lakini Lupita alikuwa amesomea uigizaji katika Chuo Kikuu cha Yale, na mimi sikumsikia mtu akisema kwamba alikuwa hafanyi kazi yoyote. Barkhad alikuwa dereva wa magari ya kukodi huko Minneapolis. Hakuwa na cheti cha kuonyesha. Basi ikasemwa ni bahati, ni sura, ni asili yake.

Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Sifa hutolewa kwa kile mtu alichokifanya, si kwa kile alichozaliwa nacho. Hatumsifu mtu mrefu kwa urefu wake. Ikiwa kijana yule alisimama tu mbele ya kamera akawa alivyo, sifa ni za mwongozaji wa sinema, Paul Greengrass, aliyejua nani wa kumsimamisha pale. Hilo nalikubali. Linalobaki ni kuuliza kama ni kweli kwamba alisimama tu.

Barkhad alizaliwa Mogadishu mwaka 1985. Vita vikaikimbiza familia yake hadi Yemen akiwa bado mtoto, na mwaka 1999 wakahamia Minneapolis, jiji la theluji lililo mbali kabisa na bahari. Hakuwa mvuvi, na haramia hakuwa kamwe. Sinema hiyo ilipotafuta watu, Wasomali zaidi ya 700 wa mji ule walijitokeza kujaribiwa. Wote walikuwa na lugha, wote walikuwa na sura, na wengi wao walikuwa wameikimbia vita ileile. Wakachukuliwa wanne. Kama kuwa Msomali kungetosha, mia saba wote wangetosha.

Tena kuna mahali ambapo nahodha anamwuliza haramia kama kwao hakuna kazi nyingine ila kuvua samaki na kuteka watu. Haramia anajibu kwa sauti ya chini kwamba labda huko Marekani. Mtazame mchezaji yule anavyolitamka jina hilo: kama mtu anayetaja nchi asiyotarajia kuikanyaga. Naye alikuwa ameishi Marekani zaidi ya miaka kumi, anazijua barabara zake na bili zake. Ule unyonge hakuwa nao. Aliutafuta, akauvaa, nasi tukadhani ni ngozi yake. Sasa kama huko si kuigiza, kuigiza ni nini?

Ipo hoja ya pili, nayo husemwa na watu wenye busara: tungoje tuone, huenda asifanye tena jambo la maana. Mimi naona hapa tunachanganya ujira na mkopo. Fundi akinijengea ukuta ulionyooka, namlipa kwa ukuta huo; simwambii nitamlipa atakapojenga wa pili. Mwaka 1948 mwongozaji wa Kiitaliano, Vittorio De Sica, alimchukua mfanyakazi wa kiwanda, Lamberto Maggiorani, akamfanya mhusika mkuu wa Ladri di biciclette, sinema inayosifiwa hadi leo. Maggiorani aliporudi kiwandani alipunguzwa kazini, na katika sinema hakupata tena nafasi iliyofanana na ile. Je, kwa sababu hiyo alichokifanya mwaka 1948 kilipungua? La hasha. Barkhad naye ameendelea, kwa nafasi ndogo zaidi, katika Eye in the Sky ya mwaka 2015 na Blade Runner 2049 ya mwaka 2017. Hata asingeendelea, deni la kazi ile ya kwanza lingekuwa palepale.

Sasa nirudi kwenye habari yangu. Nilipokuwa mwalimu kijana, niliwekwa kuwa mmoja wa waamuzi watatu katika mashindano ya maigizo ya shule. Mvulana mmoja aliigiza baba mlevi anayerudi nyumbani usiku, anaimba, anagombana na mlango, kisha anaketi chini na kulia. Ukumbi mzima ulicheka, halafu ukanyamaza. Wenzangu wawili walitaka kumpa zawadi ya kwanza. Mimi nilikuwa naifahamu familia yake, na nilijua kwamba baba yake alikuwa mlevi. Nikasema, "Huyu haigizi. Anatuonyesha ya nyumbani kwao tu." Nikasisitiza mpaka wakakubali, na zawadi ikaenda kwa mtoto wa mtumishi mmoja wa serikali aliyetamka maneno yake vizuri.

Mwaka mmoja baada ya jioni ile ya sinema nilipeleka suruali sokoni kupunguzwa. Fundi aliinua macho kwenye cherehani, akaniamkia, "Shikamoo, Mwalimu." Alikuwa yeye, ana mvi kidogo. Tulizungumza ya watoto na ya shule, na mwishowe nikajikaza nikamkumbusha igizo lile, nikamwambia ni mimi niliyemnyima zawadi, na kwa nini.

Alikaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Mwalimu, marehemu baba alipolewa alikuwa hasemi hata neno moja. Alikuwa akiingia, anakaa, anautazama ukuta mpaka asubuhi. Yule mlevi wa kuimba nilimtunga mwenyewe. Nilifanya mazoezi wiki tatu, kule bondeni, ili nyumbani wasinisikie."

Nilimwomba radhi. Akasema yameshapita, akaniuliza kama suruali nitaipitia jioni au kesho.

Tangu siku hiyo nimejichunguza mara nyingi. Mtoto yule mwingine nilimwita mwenye kipaji. Huyu nilimwita mtoto wa mlevi. Tunalo zoea baya: mwenye nacho akifanya vizuri tunasema amejitahidi, na asiye nacho akifanya vizuri tunasema ndivyo alivyo. Kwa hiyo, mtu akiniuliza leo kama mchezaji mpya anastahili sifa anazopewa, namwomba kwanza aseme ameona nini katika kazi yake. Asipoweza kusema, basi hata mimi nilikuwa siwezi, siku ile nilipokuwa mwamuzi.