Siku ya Kurudisha Funguo

Masomo ya wiki: Mambo ya Walawi 14:33–48, 1 Samweli 12:1–5

Kuna somo ambalo sisi wahubiri hulipita mbio, kwa sababu linahusu plasta. Katika sura ya 14 ya Mambo ya Walawi, mtu ameona madoa ya kijani au mekundu yamezama katika ukuta wa nyumba yake, naye anakwenda kumwita kuhani. Kuhani haanzi na maombi. Anaagiza vyombo vyote vitolewe nje, ndipo aingie kukagua. Anaifunga nyumba siku saba. Akirudi akakuta doa limetambaa, mawe yaliyoathirika yanang'olewa na kutupwa nje ya mji, kuta zinakwanguliwa upande wa ndani wote, na vumbi lake linabebwa nalo. Kisha yanaletwa mawe mengine na udongo mwingine, nyumba inapigwa lipu upya. Chuo cha theolojia nilichosoma mimi hakikuwa na somo la kukagua lipu, ila Musa alilifundisha.

Nililisoma upya mwaka 2025, katika miezi ile ofisi za miradi zilipokuwa zinafungwa. Januari ya mwaka huo Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai mosi shirika lake la USAID lilikuwa limefunga milango. Kwa wengi ilikuwa habari ya kusikia redioni. Kwetu Tabora ilikuwa Fuso imeegeshwa kinyumenyume getini, vijana wanapakia viti. Waliopoteza kazi tumewaombea na tunaendelea kuwaombea, na wengine wao ni waimbaji wetu wa kwaya. Leo lakini nataka kusema juu ya nyumba walizoziacha.

Mjane mmoja wa usharika wetu alikuwa ameipangisha nyumba yake kwa mradi wa namna hiyo. Akaniomba nikae naye siku ya makabidhiano, niwe shahidi. Mkataba ulisema kama inavyosema mikataba mingi: mpangaji atairudisha nyumba katika hali aliyoikuta, isipokuwa uchakavu wa kawaida. Sebule yake ilikuwa imegawanywa kwa patisheni za aluminiamu na vioo, ikawa vyumba vya watu wa takwimu, wa fedha na wa manunuzi. Kulikuwa na viyoyozi, nyaya za mtandao ndani ya mifereji myeupe ya plastiki, ubao wa matangazo, na nembo ya mfadhili ukutani.

Mafundi waliondoa vyote asubuhi moja. Kubomoa hakuchukui muda. Nyumba ilipokuwa tupu ndipo kazi ilipoonekana. Sakafu ya terazo ilikuwa na safu za boliti zilizokatikia ndani, zimechomoza kidogo, za kumkwaruza mtoto unyayo. Palipokuwa na ubao pamebaki mstatili wa rangi mbichi, na kuzunguka mstatili huo ukuta mzima umefifia. Tundu la bomba la kiyoyozi lilipita ukuta hadi nje, ukichungulia unauona mwembe wa jirani.

Afisa utawala, kijana mwenye adabu ambaye naye alikuwa anamalizia siku zake, akasema, "Mama, haya matundu tutayaziba, tupige na rangi juu yake."

Mama akapitisha kiganja ukutani. "Mwanangu, kiraka kitaonekana. Hii rangi imeshapauka, mpya haitafanana nayo. Hapa ni kupaka kona hadi kona."

Fundi rangi akatikisa kichwa kumkubalia. Kijana akatazama karatasi zake. Fedha za mradi zilikuwa zimefungwa, fungu la rangi halikuwepo. Tangi la maji, ambalo mama angelipokea kwa furaha kuwa fidia, lilikuwa kwenye orodha ya mali za mfadhili, na yeye hakuwa na mamlaka ya kumpa mtu hata ndoo. Bili ya maji ya TUWASA ilikuwa imelipwa. Uniti za LUKU zilizosalia akaziacha. Ikafika mahali hapana la kusema.

Alichokifanya kijana yule ndicho kilichonifanya niandike tafakari hii. Alivuta kiti kimoja ambacho kilikuwa hakijapakiwa, akakaa, akageuza hati ya makabidhiano, na nyuma yake akaandika yote ambayo hawakuyafanya. Rangi ya sebule. Tundu la kiyoyozi. Kigae kilichopasuka bafuni, ambacho mama hata hakuwa amekiona. Akasaini, nami nikasaini chini yake. Kisha yeye na fundi wakakata boliti moja moja kwa grainda na kuziba matundu ya sakafuni kwa saruji, maana hilo waliliweza. Walimaliza taa zimeshawashwa.

Kwa hesabu za mkataba, mama alipunjwa. Ukuta wake ulirudi na makovu. Lakini hakudanganywa, na katika mji wetu watu wengi wamerudishiwa nyumba safi kwa macho na kisha wakagundua, mvua ya kwanza, kwamba rangi ilipakwa juu ya ufa.

Njia hii tunayokaa, inayotoka Bagamoyo kupita Unyanyembe hadi Ujiji, ina kumbukumbu nyingi za makabidhiano. Nachukua mbili, zote zikihusu mizigo ya mtu mmoja. Oktoba 1871 Dk. Livingstone alifika Ujiji, mgonjwa na amechoka, akitarajia kukuta bidhaa alizotumiwa kutoka pwani. Hakikuwepo kitu. Mtu aliyekabidhiwa kuzileta, Livingstone anamtaja kwa jina la Sherifu, alikuwa ameziuza zote: yadi 3,000 za nguo na ratili 700 za shanga. Maelezo yake yalikuwa kwamba alipiga ramli, ikamwonyesha kuwa mwenye mali amekufa. Na hata baada ya mwenye mali kusimama mbele yake mzima, alifika kumpa mkono.

Mwandishi wa habari Stanley alimkuta Livingstone Ujiji, wakaja pamoja hadi Kwihara, hapa jirani, kwenye tembe ambalo leo ni makumbusho. Machi 14, 1872 Stanley aliondoka kuelekea pwani. Livingstone akabaki tembeni kungoja wapagazi hadi Agosti 25, halafu akashika njia ya kusini. Akafa mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia.

Sasa mwenye mali amekufa kweli, wala hapakuhitajika ramli. Pwani iko mbali miezi mingi. Hakuna Mzungu, hakuna askari, hakuna wa kuuliza. Watumishi wake Susi na Chuma wakawaita wenzao wote, masanduku ya marehemu yakafunguliwa mbele ya kila mtu, na Jacob Wainwright, aliyekuwa na elimu ya kuandika, akaorodhesha vilivyokuwemo katika kijitabu cha marehemu mwenyewe. Walitaka wote wawajibike kwa pamoja, asije mmoja akasingiziwa baadaye. Jacob alikuwa Myao, aliokolewa utumwani akasomeshwa Nasik, India. Chuma naye alikombolewa kutoka msafara wa watumwa. Watu waliowahi kuhesabiwa katika mali za wengine ndio waliokaa chini kuhesabu mali ya mwingine, na hawakupunguza.

Waliubeba mwili hadi hapa Unyanyembe, wakafika Oktoba. Wakamkuta Luteni Cameron, Mwingereza aliyetumwa kumsaidia Livingstone. Cameron aliwashauri wamzike hapahapa, wakakataa. Akachukua baadhi ya vyombo vya kupimia vya marehemu kwa ajili ya safari yake, nao hawakupendezwa. Mimi ninawaelewa. Orodha ilikuwa imeandikwa, na walikusudia kuifikisha kama ilivyo. Mwili ulifika Bagamoyo Februari 1874, ukazikwa Westminster Abbey Aprili 18 mwaka huohuo.

Sisi Wamoravian wa magharibi tulianza kwa kupokea funguo. Kituo cha Urambo kilianzishwa na Shirika la Kimisionari la London mwaka 1879, enzi za Mtemi Mirambo, na mwaka 1898 wakawakabidhi ndugu zetu. Walichukua walichochukua, wakaacha walichoacha. Waliacha pia kaburi la Dk. Southon, aliyefia hapo mwaka 1882. Kaburi hulikuti kwenye orodha ya vifaa, wala hakuna anayelidai alipwe. Kwa hiyo si kila unachokiweka mahali ni cha kung'oa siku ya kuhama, na mwembe uliopandwa na mpangaji hubaki kwa mwenye nyumba. Hapo sina ugomvi na mwanasheria yeyote.

Ugomvi wangu uko karibu zaidi. Mji huu umejaa nyumba za kazi: za reli, za shule, za serikali, na za kanisa. Mnajua kinachotokea uhamisho unapofika. Anayehama anaondoka na balbu, na soketi, na bomba la jikoni. Nimewahi kuingia nyumba ya kanisa nikakuta hata bawaba za mlango zimefunguliwa, mlango umeegeshwa. Anayefanya hivyo ana hoja yake: "Nilinunua kwa pesa yangu, na kanisa halikunirudishia." Mara nyingi anasema kweli. Na hapo ndipo Samweli anapotufaa.

Samweli alikuwa anastaafu. Mfalme amepatikana, yeye mvi zimemjaa. Akasimama mbele ya Israeli yote akauliza kwa vitu: ng'ombe wa nani nimemtwaa? Punda wa nani? Nani nimemwonea? Rushwa ya nani nimeipokea? Hakusema "nisameheni kama nimewakosea kwa lolote", maneno tunayoyatumia sana kwenye hafla za kuaga na ambayo hayamgharimu mtu kitu. Alitaja ng'ombe, akangoja jibu, na akaahidi kurudisha. Watu wakajibu, na jibu lao likashuhudiwa. Hesabu ile ilikuwa na pande mbili.

Mwisho wa mwezi huu mwinjilisti wetu wa mtaa mmoja anahama. Nimewaomba wazee waende mapema, lori likiwa bado halijafika, wakae naye sebuleni na daftari. Aandike alivyokuta, alivyoongeza, alivyoharibu na ambavyo hakuweza kutengeneza. Akimaliza, wazee washike kalamu hiyohiyo waandike ya upande wetu, kwa tarehe: paa la jiko tuliloahidi kuliezeka tangu masika ya mwaka juzi, na fedha ya bomba aliyoitoa mfukoni, ambayo risiti yake iko kwa mtunza hazina hadi leo.